Hoja ya Nane: Kuleta Maji

Jumapili jioni mpwa wangu alibandika karatasi ya manila kwenye mlango wa kabati la vyombo, akarudi nyuma hatua mbili, akakohoa kidogo kama mbunge anayetaka kuomba mwongozo wa Spika. Yuko kidato cha pili. Kesho yake kikundi chao cha watu sita kilikuwa na zamu ya kuwasilisha somo la Uraia mbele ya darasa, mada ikiwa majukumu ya Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Yeye ndiye aliyesukumwa mbele kuwa msemaji, kwa sababu wenzake, kwa maneno yake, "wanaogopa ung'eng'e".

Karatasi ilikuwa na hoja nane. Saba za kwanza zilikuwa kwa Kiingereza, wino wa bluu, mwandiko mmoja uliolala kulia, zimenakiliwa kutoka kitabuni neno kwa neno. Ya nane ilikuwa chini kabisa, kwa maka peni nyekundu, herufi kubwa, mwandiko wa mtu mwingine na lugha nyingine: KULETA MAJI.

"Na hii?" nikamuuliza.

"Hiyo ya mwenzetu mmoja, mjomba. Mwalimu kaiona Ijumaa, kasema tuitoe, haimo kwenye kitabu. Mwenzetu kagoma. Anasema kwao Rais kaleta, na bango lipo."

Nikamwambia aache Kiingereza kwanza, anieleze zile saba kwa lugha ya nyumbani. Hapo ndipo mambo yalipomgeukia. Alichokuwa akikitiririsha kama shairi kikaanza kukwama. Amiri Jeshi Mkuu alilijua, amelisikia redioni tangu anazaliwa. Hoja ya tatu ilimshinda kabisa, akabaki anaitazama manila kana kwamba imeandikwa na adui yake. Hoja pekee aliyoweza kuieleza bila kutafuta maneno, kwa mifano, kwa mikono na kwa jina la kijiji, ilikuwa ile ya nane ambayo mwalimu alitaka ifutwe.

Nilitoa kijitabu changu cha Katiba, kile kisicho na jalada tena, tukaketi mezani. Nilianza nikiwa upande wa mwalimu. Nilipomaliza sikuwa na hakika.

Ibara ya 33 ndiyo mlango. Inampa Rais kofia tatu kwa mkupuo: Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Kwingine kofia hizi zinagawanywa. Uingereza, mfalme anavaa ya kwanza na Waziri Mkuu anavaa ya pili. Sisi wenyewe tulijaribu mgawanyo huo kwa mwaka mmoja tu. Kuanzia 9 Desemba 1961 Mkuu wa Nchi ya Tanganyika alikuwa bado Malkia wa Uingereza, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull, huku Serikali ikiongozwa na Waziri Mkuu, kwanza Julius Nyerere, kisha Rashidi Kawawa kuanzia Januari 1962. Tarehe 9 Desemba 1962 tukawa Jamhuri, na kofia zote zikatua juu ya mtu mmoja. Neno lenyewe rais tumelitoa kwenye Kiarabu, na asili yake ni kichwa. Basi tukawa na kichwa kimoja na kofia tatu, na Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwahi kukiri kwamba madaraka aliyopewa na katiba ile yalitosha kumfanya dikteta akitaka.

Mpwa wangu alizipita kofia hizo haraka, nami sikumzuia. Kutangaza hali ya vita kupo ibara ya 44. Kuhutubia Bunge kupo ibara ya 91. Kusaini miswada iwe sheria kupo ibara ya 97, na humo mna jambo dogo ambalo sijawahi kuliona kwenye manila ya mwanafunzi yeyote: Rais akiurudisha muswada, na Bunge likaupitisha tena kwa theluthi mbili, ana siku 21 za kuukubali, vinginevyo analivunja Bunge. Yaani wabunge wanaoshikilia msimamo wao wanajua fika kwamba huenda wakarudi majimboni kuomba kura kabla ya wakati. Ni kama kumwambia mpangaji yuko huru kubishana na mwenye nyumba, ila mabegi yawe mlangoni.

Kwenye msamaha tulikaa kidogo. Ibara ya 45 inampa Rais uwezo wa kumsamehe mfungwa, kumpunguzia adhabu au kuibadilisha. Mtoto aliona ni jambo la sherehe: Siku ya Uhuru, orodha inasomwa, milango ya magereza inafunguliwa. Nikamwambia upande wa pili wa kalamu hiyohiyo. Mahakama zetu bado zinatoa hukumu ya kunyongwa hadi kufa, na hukumu hiyo haitekelezwi mpaka Rais aridhie. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa, na wakati huo wote sheria ilikuwa vilevile. Septemba 2017, akimwapisha Jaji Mkuu, Rais John Magufuli alisema waziwazi kwamba orodha ya waliohukumiwa kunyongwa asipelekewe, maana anaujua ugumu wake. Kwa hiyo mamia ya watu wako hai kwa kuwa marais kadhaa, mmoja baada ya mwingine, hawakuinua kalamu. Jukumu gani hilo? Kitabu cha Uraia hakina jina lake. La kutosaini.

Mpwa wangu alinyamaza, kisha akauliza kama hilo nalo aliongeze. Nikamwambia mwalimu wake ana shida za kutosha.

Tukaingia ibara ya 37, na hapa naomba msomaji avute kiti. Inasema kwamba katika kutekeleza kazi zake Rais "atakuwa huru na hatalazimika kufuata ushauri atakaopewa na mtu yeyote", isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afuate. Ukiisoma peke yake inaonekana ya kawaida tu. Kiongozi yeyote husikiliza, kisha huamua. Ila kabla ya kufika hapo umeshapita ibara ya 34, iliyoweka mamlaka yote ya Serikali ya Muungano mikononi mwa Rais, na ibara ya 36, iliyompa uwezo wa kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka serikalini na kuwateua wakubwa wa kuzikalia. Zisome tatu hizo kwa pamoja. Kazi zote ni zake, anaowakabidhi kazi hizo anawateua yeye, na wanapomshauri halazimiki kuwasikiliza.

Kwenye manila ya vijana wetu uteuzi ulikuwa hoja ya tano, katikati ya kupokea mabalozi na kutoa nishani. Hapo ndipo kitabu chao kinapowaangusha watoto. Kinaandika majukumu kama vitu vilivyopangwa rafuni, kila kimoja na uzito wake sawa. Uteuzi haukai rafuni na wenzake. Rafu yenyewe imesimama juu ya uteuzi.

Kila Mtanzania mwenye simu analijua neno mkeka. Taarifa inatoka Kurugenzi ya Mawasiliano ya Rais, Ikulu, mara nyingi usiku, na kabla ya alfajiri imeshazunguka makundi yote ya WhatsApp. Mkeka umetoka! Watu wanateremsha vidole wakitafuta majina: nani kapanda, nani kahamishwa, uteuzi wa nani umetenguliwa, nani "atapangiwa kazi nyingine", maneno ambayo mtaani yamekuwa mzaha wa kumwambia mtu aliyeachwa na mchumba. Namfahamu mtu aliyepata habari kwamba si mkuu wa wilaya tena akiwa kwenye kiti cha kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu. Anasema kinyozi aliacha kumwita Mheshimiwa palepale, mashine ikiwa bado inanguruma.

Mkeka huo unafika mbali kuliko watu wanavyodhani. Tanzania Bara ina mikoa 26 na wilaya 139, na kila moja ina mkuu wake aliyeteuliwa na Rais. Chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, wakuu hao wanaweza kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48, kwa masharti yaliyotajwa, ingawa masharti hayo huwa yanasahaulika pindi mwalimu mkuu anapochelewa kwenye kikao. Halafu kuna halmashauri. Hizi ndizo serikali za mitaa, zenye madiwani waliopigiwa kura na wananchi wa kata zao. Mtendaji mkuu wa halmashauri, yule mwenye kalamu ya malipo, ni mkurugenzi, na mkurugenzi hatoki kwenye kura za madiwani wala za wananchi. Naye katoka kwenye mkeka. Bungeni kwenyewe Rais anaweza kuteua wabunge wasiozidi kumi. Mahakamani, Jaji Mkuu na majaji wanateuliwa na yeye.

Majaji wana ulinzi wao, mtasema, na ni kweli. Kumwondoa jaji si sawa na kumtengua mkuu wa wilaya. Tatizo huanza kabla ya hapo. Kuanzia Januari 2017 tulikaa karibu miezi minane tukiwa na Kaimu Jaji Mkuu, Profesa Ibrahim Juma, kabla hajathibitishwa Septemba mwaka huo. Sisemi kwamba alihukumu kesi yoyote kwa woga. Sina ushahidi wa jambo hilo. Nasema tu kwamba kaimu ni mtu aliyekalia kiti huku bado akitazamana na mwenye kiti. Na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye Katiba imemwekea uzio mnene kuliko watumishi wengi, alijionea mwaka 2019. Profesa Mussa Assad aliambiwa muhula wake wa miaka mitano umekwisha, akawekwa mwingine. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ikasema kumwondoa vile kulikuwa kinyume cha Katiba. Kufikia siku ya hukumu mrithi wake alikuwa ameshakaa ofisini miaka mitatu, na aliendelea kukaa.

Sasa turudi kwenye maji.

Niliyatafuta kwenye Katiba, kwa haki kabisa, nikiwa na mtoto begani anayeniangalia. Hakuna ibara inayosema Rais ataleta maji. Ibara ya 136 inasema fedha hazitoki Mfuko Mkuu wa Hazina ila kwa idhini ya sheria, na sheria hiyo hupitishwa na Bunge kila Juni kabla mwaka wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. Hapo mwalimu alikuwa anashinda. Hela ni ya walipa kodi, kibali ni cha Bunge, kazi ni ya wizara na wakala wake, bomba linachimbiwa na mkandarasi. Rais yuko wapi?

Geuza kurasa kurudi nyuma. Ibara ya 99 inasema Bunge halitashughulikia mambo ya fedha, ya kutoza kodi au kutoa pesa mfukoni mwa Serikali, isipokuwa Rais amependekeza na pendekezo limewasilishwa na waziri. Mbunge wa kawaida hawezi kuinuka akasema tuchukue bilioni mbili hapa tuziweke kwenye kisima cha jimboni kwangu. Ibara ya 90 nayo inataja sababu zinazomruhusu Rais kulivunja Bunge kabla ya wakati, na mojawapo ni Bunge kukataa kupitisha bajeti ya Serikali. Kwa hiyo mlango wa hazina una funguo mbili kweli, wa Rais na wa Bunge, ila mwenye ufunguo wa pili akikataa kuuzungusha anaweza kufukuzwa kwenye nyumba nzima. Yule kijana wa maka peni nyekundu hajasoma ibara ya 99 na huenda asiisome kamwe. Lakini alipoandika KULETA MAJI aligusa mahali ambapo zile hoja saba za bluu hazikufika.

Na bango lake ni ushahidi halali. Nani asiyeyajua mabango hayo? Picha ya Rais kushoto, bomba linatiririka kulia, na katikati shukrani za wananchi wa kata fulani kwa mamilioni waliyoletewa. Nimehudhuria uzinduzi wa kisima kimoja, na niliwahesabu waliozungumza: mwenyekiti wa kijiji, diwani, mhandisi, mbunge, mkuu wa wilaya. Wote watano walianza kwa sentensi ileile, kumshukuru Mheshimiwa Rais kwa kutupatia fedha. Mhandisi, aliyelala porini wiki kadhaa na mtambo wa kuchimbia, alijishukuru kwa kukaa kimya. Kwenye kibao cha marumaru palikuwa na jina la kiongozi wa mbio za Mwenge aliyezindua na tarehe. Bei ya mradi haikuwepo, jina la mkandarasi halikuwepo, wala namba ya simu ya kupiga pampu ikiharibika.

Wengi huita hii uchawa, na siku hizi neno hilo limekuwa tusi la kumtupia yeyote anayemsifu mkubwa. Mimi naona tunawaonea baadhi yao. Mkuu wa wilaya anayefungua hotuba kwa shukrani anafanya hesabu ambayo wewe nami tungeifanya. Aliyemweka pale ni mmoja, anayeweza kumwondoa ni huyohuyo, na mkeka ujao hautangazwi tarehe. Wananchi waliokaa mbele yake kwenye viti vya plastiki hawakumwajiri na hawawezi kumfukuza. Amshukuru nani?

Ninayemshangaa ni mbunge. Ibara ya 63 inaliita Bunge chombo kikuu cha Jamhuri ya Muungano, chenye madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Mtu huyu ndiye aliyekaa Dodoma Juni nzima akipiga kura ya ndiyo kwa fedha hizo. Anarudi jimboni anashika kipaza sauti, anasema: nilikwenda nikamwangukia Rais, nikamwambia watu wangu wana kiu, akasikia kilio chetu. Kaigeuza kazi yake kuwa ombi, na haki ya mpiga kura wake kuwa zawadi. Mwaka 2008 Bunge hilohilo lilionyesha meno, pale kamati iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe ilipoisoma ripoti ya mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu mwezi Februari. Tunalikumbuka tukio hilo kama vile watu wanavyolikumbuka tetemeko: kwa sababu halikujirudia.

Kuna hoja ya upande wa pili, nami sitaki kuificha uvunguni. Jirani yangu mmoja, mzee mstaafu, hubishana nami juu ya hili kila Ijumaa. Anasema nchi maskini, kubwa hivi, yenye makabila zaidi ya mia moja, isingeshikamana kwa madaraka yaliyosambazwa kama ufuta. Mtu mmoja anayeweza kusema neno leo na kesho greda likaonekana barabarani ana faida yake. Mwananchi aliyezungushwa na ofisi tano kwa miaka mitatu, akainua bango msafara wa Rais unapopita, msafara ukasimama, mkurugenzi akaitwa mbele ya umati akapewa siku saba: mwananchi huyo hawezi kuambiwa kwamba mfumo haufanyi kazi. Umefanya kazi mbele ya macho yake. Mzee ana haki katika hilo, nami huwa nanyamaza kidogo kabla ya kumuuliza vijiji ambavyo msafara hausimami vinafanyaje.

Wakenya waliamua kuifumua rafu. Katiba yao ya 2010, ibara ya 131, bado inampa Rais ukuu wa nchi, wa serikali na wa majeshi, tena inamwita alama ya umoja wa taifa. Lakini mkeka wake unapitia mikono ya wengine. Mawaziri hawawi wabunge na lazima waidhinishwe na Bunge la Taifa. Agosti 2024, Rais William Ruto alipounda upya baraza baada ya maandamano ya vijana, mmoja wa aliowapendekeza alikataliwa. Majaji wanapendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama. Kabla yake Uhuru Kenyatta alipelekewa orodha ya majaji, akawateua 34 mwezi Juni 2021 na kuwaacha sita, akagoma nao hadi anatoka madarakani, na Ruto akawateua mara alipoapishwa Septemba 2022. Mwaka 2017 Mahakama ya Upeo ilifuta ushindi wa rais aliyekuwa kitini. Kwetu, ibara ya 41 inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mgombea kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake.

Sisemi Kenya ni pepo. Uhuru aliweza kuwaacha wale sita nje mwaka mzima na zaidi na hakuna kilichomgusa. Na nenda leo kwenye uzinduzi wa barabara upande wa pili wa mpaka wa Namanga, utasikia shukrani zenye wimbo uleule, ila kwa lafudhi nyingine. Tofauti ninayoiona ni moja: kule mtoto wa kidato cha pili akiandika "kuteua majaji", mwalimu analazimika kumwuliza, akishirikiana na nani?

Swali hilo na sisi tulikaribia kuliuliza. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi kukusanya maoni ya katiba mpya, na rasimu yake ilitaka mawaziri wasitokane na wabunge, idadi yao iwe na kikomo, na wapitie Bungeni kuthibitishwa. Mjadala wa Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014 ukamezwa na suala la Muungano kuwa wa serikali tatu au mbili, watu wakatoka nje, mambo ya uteuzi yakabaki pembeni kama watoto wa wazazi wanaogombana. Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa, kura ya maoni ikapangiwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa. Mpwa wangu alikuwa mtoto wa kubebwa wakati huo. Aliponiuliza imeahirishwa hadi lini, nilimwambia ageuze ukurasa.

Saa tatu usiku dada yangu alitufukuza mezani kwa sababu ya chakula. Mtoto alikuwa hajui aifute hoja ya nane au aiache. Nilimpa ushauri ambao, kwa mujibu wa ibara ya 37, hakulazimika kuufuata: aiache, lakini aihamishe. Aiandike chini ya hoja ya tano, uteuzi, kwa wino wa bluu, na akiulizwa aeleze uhusiano wake. Aliinakili sentensi yangu kwenye kiganja.

Jumatatu alirudi na alama 15 kati ya 20. Mwalimu alikata tano kwa kuleta mambo yasiyo kwenye muhtasari, akasema waliobaki wasiige. Mjadala darasani, anasema, haukuwa wa Kiingereza tena kuanzia hoja ya tano. Walikuwa wanapokezana kwa Kiswahili, hata wale wanaoogopa. Msichana mmoja aliuliza kama mkurugenzi hakuchaguliwa na watu, kwa nini anaitwa mtumishi wa umma. Mwalimu alicheka, akaitazama saa, akasema kipindi kimekwisha.

"Na manila mmeitupa?" nikauliza.

"Hapana mjomba, mwenzetu kaichukua. Yule wa maji. Nyuma haijaandikwa."

"Anaitakia nini?"

Pampu ya kile kisima chao iliungua mota wiki mbili zilizopita, akasema. Wamekwenda kwa mwenyekiti, mwenyekiti kawaelekeza kwa diwani, diwani kasema kaandika barua. Wamesikia Rais atafanya ziara mkoani, kwa hiyo wanaandaa bango, wakasimame nalo barabara kuu. Kutoka kwao hadi barabara kuu ni kilomita kumi na moja.

"Atapita lini?"

Tarehe hawaijui bado. Maka peni nyekundu ndiyo hiyohiyo.